Sentensi ya Saba ya Sengee

Mwaka ambao Kirusi kilikufa shuleni kwetu, shule ilikuwa na walimu wawili wa Kirusi, na wote wawili walilala kitanda kimoja. Mmoja nilikuwa mimi, Norjmaa, na mwingine mume wangu, Sengee. Kwa miaka kumi na mitatu tulikuwa tumewafundisha watoto wa wafugaji wa bonde la mto Tamir, mimi madarasa ya chini na yeye ya juu. Mtoto akitoka kwangu anajua kuhesabu na kuomba chai kwa Kirusi. Akitoka kwake anaweza kugombana kwa lugha hiyo.

Mwezi wa Agosti 1992 mkuu wa shule alituita ofisini. Alitumiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe, na hapo tukajua kuna msiba. Alisema Kirusi hakitakuwa tena somo la lazima. Kinachotakiwa sasa ni Kiingereza. Wilaya nzima hapakuwa na mtu aliyejua Kiingereza zaidi ya maneno mawili matatu ya kwenye nyimbo, kwa hiyo walimu wa Kirusi wa nchi nzima walikuwa wanaitwa Ulaanbaatar kwa kozi ya miezi kumi. Atakayepata cheti atarudi darasani. Na shule yetu ilikuwa imepewa nafasi moja.

Kila mtu alidhani ataenda Sengee. Yeye alisoma Irkutsk miaka mitano. Mimi nilisomea hapa hapa nchini. Lakini majira yale yale ushirika wa wafugaji ulikuwa unavunjwa na mifugo inagawiwa watu. Fungu letu pamoja na la mama yake lilikuwa mbuzi na kondoo sitini na kitu, ng'ombe wachache na farasi watano. Mama mkwe wangu, Bibi Dari, alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja na goti moja lisilokunjika. Lazima mmoja wetu ahamie kwenye hema lake kabla ya baridi.

Sengee alisema atahamia yeye. Nilimbishia siku tatu nzima. Siku ya tatu aliweka chini kikombe chake akasema, "Kizee wangu, wewe huwezi kumkamata hata mbuzi aliyelala. Nikikuachia mifugo hii, masika yakifika mifugo imekwisha, na mama hasemi na wewe."

Ilikuwa kweli, nikacheka, na kwa kucheka nikawa nimeshindwa.

Alitoa sharti moja tu: nimfundishe kwa barua. Kila nitakachofundishwa nikinakili, nimpelekee, naye ataniandikia sentensi kumi za mazoezi. Mimi nisahihishe kwa wino mwekundu, nimpe alama kati ya moja na tano kama tulivyowapa watoto, nirudishe. Alikuwa amepiga hesabu yake: nikirudi na cheti, yeye atakuwa anajua nusu ya ninayojua, na nusu inatosha kwa madarasa ya chini. Tungebadilishana madarasa tu na maisha yangeendelea.

Hatukuwa tumebahatika kupata mtoto. Tangu tuoane hatukuwahi kuachana kwa zaidi ya juma moja.

Ulaanbaatar mwaka ule ilikuwa mji wa foleni. Mkate kwa kadi, nyama kwa kadi, kiberiti kwa kadi. Bwenini tulilala wanawake wanne chumba kimoja, wote walimu wa Kirusi, wote tuliopita zamani umri wa kulala bwenini, na jioni umeme ukikatika tulikariri maneno gizani kama watoto wa shule. Nikikumbuka sauti zile nne ndani ya kile chumba cha baridi, kila mmoja na lafudhi ya mkoa wake, nasikia raha ambayo wakati ule sikujua kuwa ni raha.

Mwalimu wetu aliitwa Radnaa. Alikuwa mzee mwembamba ambaye miaka yake yote alitafsiri vitabu vya miamba na madini, kwa hiyo Kiingereza chake kilisikika kama mtu anayesoma kibandiko cha jiwe. Hakujua kupayuka. Ukikosea alikutazama tu kwa huruma, na huruma ile iliuma kuliko fimbo.

Somo lililotutesa kuliko yote lilikuwa lile la mtu kujitendea na watu kutendeana. Radnaa alisema tumeharibiwa na Kirusi, na alisema kweli. Kirusi hubandika mkia mmoja mwishoni mwa kitenzi, na mkia ule ule ukikutana na kuosha unasema mtu ameosha mwili wake mwenyewe, ukikutana na kukumbatia unasema watu wawili wamekumbatiana. Msikilizaji atajua mwenyewe ni lipi. Kiingereza hakimwachii msikilizaji. Kina maneno ya kujitendea, na yanabadilika kwa kila mtu: mimi langu, wewe lako, yeye lake. Kisha kina neno la kutendeana, each other, ambalo halibadiliki hata wakiwa wafalme. Ukiyachanganya, umesema jambo lingine kabisa. Mwenzetu mmoja kutoka Gobi alisimama akaeleza kwamba yeye na mumewe wanajipenda sana. Radnaa akamuuliza kwa upole kama wamewahi pia kupendana.

Nililinakili somo lile lote kwa herufi ndogo, pande zote za karatasi, maana karatasi nazo zilikuwa adimu.

Barua zetu hazikupita posta. Zilisafiri mfukoni mwa Zundui, dereva wa lori la kubeba sufu, kijana wa kwetu niliyemfundisha Kirusi darasa la tano na ambaye hakukijua mpaka mwisho. Alikuja mjini kila baada ya wiki mbili tatu. Aliniletea barua, jibini kavu na nyama iliyogandishwa, akaondoka na barua yangu.

Barua za kwanza za Sengee zilikuwa na pande mbili. Upande mmoja habari za nyumbani kwa Kimongolia: mama, mbuzi, theluji. Upande wa pili sentensi kumi za Kiingereza, na humo alikuwa akicheza. Aliandika kwamba mbwa mwitu alikuja kunywa chai na mama, wakazungumza kuhusu bei ya sufu. Aliandika kwamba fahali wetu anasoma gazeti. Nilizisoma kwa sauti bwenini, na wenzangu walicheka mpaka jirani wakagonga ukuta. Kwenye barua ya Oktoba aliandika, "Mimi na mke wangu tunajikumbuka." Nilikata neno kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake kwamba tunakumbukana, nikampa alama nne.

Mwezi wa Novemba mimi ndiye niliyebadilisha utaratibu. Nilimwandikia aache upande wa Kimongolia. Karatasi ni chache, nilisema, na mtu hajifunzi kuogelea huku ameshika ukingo. Tuandikiane Kiingereza kitupu, hata salamu. Nilijiona mwalimu hodari. Sengee alikubali.

Mwisho wa Desemba Zundui alileta barua ya somo lile la kujitendea na kutendeana. Sentensi zilikuwa kumi, zimeandikwa kwa penseli, mwandiko umelala kidogo upande. Bado nazijua zote. Mama anajipasha moto jikoni. Mbuzi wanasukumana. Mimi na mbwa tunatazamana. Paka anajilamba. Majirani wanasaidiana. Farasi wanafahamiana. Ya saba: Nilijikata kwa shoka. Ya nane: Tabibu na mama walitazamana. Ya tisa: Sikujililia. Ya kumi: Mimi na wewe tunaandikiana.

Nilizipitia moja moja na kalamu yangu nyekundu mkononi. Kitabu chetu kilikuwa na mtu aliyejikata kwa wembe akinyoa ndevu, na nikafikiri, angalia alivyo mjanja, ametoa wembe akaweka shoka. Hakuna hata kosa moja. Niliweka alama ya vyema mbele ya kila sentensi, na mbele ya ile ya saba nikaweka mbili, kwa sababu kitenzi kile hakifuati kanuni na yeye alikipata. Chini nikaandika tano kubwa, nikaizungushia duara. Nikaandika kwa Kiingereza: Vizuri sana, endelea hivi hivi.

Barua iliyofuata ilikuja karibu na mwisho wa Januari. Ilikuwa na sentensi tatu tu. Sijisikii vizuri. Mama anajisikia vizuri. Tunangoja.

Nilikasirika. Tatu badala ya kumi, na mbili zina kosa ambalo Radnaa alikuwa ametuonya kwa siku mbili mfululizo, kosa la Kirusi kabisa: kwa Kiingereza mtu hajisikii vizuri au vibaya, anasikia tu. Nilikata maneno mawili kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni, "Hakuna kujisikia. Na sentensi ni kumi, siyo tatu. Usilegee." Nikampa alama mbili. Nikampa Zundui barua akiwa tayari ameshawasha lori, hatukuzungumza hata dakika moja.

Zilipobaki siku kumi hivi kufika Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, Zundui alirudi. Mji wote ulikuwa unahangaika kutafuta unga na nyama ya sikukuu, na sisi wa kozi tulikuwa na mtihani wa nusu mwaka baada ya siku nne. Nilishuka bwenini nikamkuta anafungua kamba za turubai. Alinipa mfuko wa mandu zilizogandishwa, vipande vya unga vilivyofunga nyama ndani, alizokunja Bibi Dari kwa mkono wake. Kisha akasema huku anaendelea na kamba zake, "Na yule bwana wa vidole vinane anakusalimu, dada."

Nikamuuliza ni bwana gani huyo.

Aliacha kamba. "Mwalimu Sengee. Mguu wake." Akanitazama. "Kwani hakukuambia?"

Nilisimama pale na mfuko wa mandu kifuani.

"Aliniambia," nikasema. "Nilimpa alama tano."

Zundui hakuelewa, na sikuweza kumweleza. Alinisimulia yeye. Katikati ya Desemba Sengee alikuwa mtoni anapasua barafu ya maji ya kunywa. Shoka liliteleza, likapita kwenye kiatu cha sufu kama kisu kwenye siagi. Alirudi hemani kwa kutambaa na kuegemea mbwa. Tabibu wa wilaya alifika siku ya pili kwa farasi, hana dawa ya ganzi, akatoa vidole viwili ambavyo havikuwa na matumaini na kushona kilichobaki. Kwa zaidi ya mwezi homa ilikwenda na kurudi. Majirani ndio waliochunga mifugo. Nilipokuwa nikikata maneno yake mawili kwa wino mwekundu, alikuwa amelala anatetemeka.

Nilipanda chumbani nikatoa kwenye sanduku daftari nililonakilia sentensi zake kabla ya kuzirudisha, nikazisoma upya, safari hii kama mke. Ya tano: majirani wanasaidiana. Ya nane: tabibu na mama walitazamana. Nilikuwa nimeipa alama ya vyema hata hiyo, na sikujiuliza tabibu ametoka wapi kwenye hema la mama mkwe wangu katikati ya majira ya baridi.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa Radnaa. Nilimwambia naondoka kesho asubuhi na lori, mtihani nitaukosa. Alisema, bila ukali, kwamba walimu ishirini wa mikoani wanasubiri nafasi kama yangu, na kwamba anayekosa mtihani wa nusu mwaka kwa kawaida hurudishwa kwao. Nilimpa daftari, nikaweka kidole penye sentensi ya saba, nikamweleza.

Alivaa miwani akasoma zote kumi, taratibu, kama anavyosoma mtu anayetafuta kosa. Kisha akavua miwani akaishika tu mkononi.

"Sentensi ni sahihi," alisema. "Hata mimi ningeiwekea alama." Akanirudishia daftari. "Lori linaondoka saa ngapi?"

Mkewe alinipa kitambaa cha kujifunga shingoni na mkate wao wa kadi wa siku mbili. Nilikataa mkate, aliuingiza kwenye mfuko wa joho langu kwa nguvu.

Tulisafiri siku mbili. Njiani tuliharibikiwa mara moja tu, na Zundui, ambaye darasani hakuwahi kunyamaza, safari nzima hakusema zaidi ya kuniuliza kama naona baridi.

Bibi Dari alikuwa nje anakusanya mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia jiko. Aliniona nikishuka, akaweka kapu chini, akanishika uso kwa mikono yake miwili akaninusa shavu kama anavyonuswa mtoto. Kisha akasema yaliyokuwa moyoni mwake, maana hakuwa mtu wa kuficha. Alisema yeye hajui kusoma, lakini macho anayo. Barua zangu za kwanza Sengee alizisoma mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Hizi za mwisho alizisoma mara moja, akaziweka chini ya godoro.

Ndani, Sengee alikuwa ameketi kitandani upande wa magharibi, mguu umefungwa na kuwekwa juu ya kigoda, anashona hatamu. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemwota, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na zilikuwa na mvi.

"Mwalimu," alisema. "Kozi imekwisha?"

"Haijaisha."

"Basi umetoroka shule."

Nilikaa chini kwenye zulia, hapo hapo karibu na kigoda, na koti sijalivua. Nilimwambia sikujua. Nilimwambia nilifikiri ni mfano, zoezi tu.

"Ya mbwa mwitu ilikuwa mfano," alisema.

"Na mimi ningejuaje ipi ni mfano na ipi si mfano? Zote umeziandika kwa mwandiko mmoja, kwenye karatasi moja."

Alifikiri. Sengee alikuwa na tabia hiyo, ukimbishia alifikiri kweli kabla ya kujibu. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Hata mimi nisingejua."

Nikamuuliza kwa nini hakuandika kwa Kimongolia, neno moja tu. Alisema tulikubaliana Kiingereza kitupu. Halafu akasema kwamba hiyo haikuwa sababu yote. Alidhani nikiyasoma kwa Kiingereza sitaogopa sana. "Maneno ya wenyewe hayaumi kama yetu," alisema. "Mimi mwenyewe nilipoandika vile niliona kama aliyejikata ni mtu mwingine. Nilipopata alama yako ya mbili, na kuambiwa nisilegee, nilicheka, nikamwonyesha mama. Kesho yake sikucheka tena."

Hapo ndipo nilipolia. Hakunikataza, alingoja. Mama mkwe aliingia, akatuona, akamimina chai, akatoka tena kana kwamba amesahau kitu nje. Baadaye nilipasha maji, nikafungua kitambaa, nikauosha mguu ule. Jeraha lilikuwa limefunga, jekundu, limekunjika kama mdomo wa mfuko. Mahali pa vidole viwili palikuwa laini kabisa. Aliniuliza, huku nikiwa nimeinamisha kichwa, kama sentensi ya saba ilikuwa na kosa au haikuwa nalo. Nikasema haikuwa nalo. "Basi mwalimu hakukosea kusahihisha," akasema. Nilimpiga kofi la goti, la mguu mzima.

Nilikaa nao mpaka Mwezi Mweupe ukapita. Tulikunja mandu mpaka vidole vyetu vikawa vyeupe. Asubuhi ya sikukuu tulivaa majoho mapya, na kila mmoja akamwamkia aliyemzidi umri kama ilivyo desturi, mdogo ameweka mikono yake chini ya mikono ya mkubwa, kama anayemtegemeza asianguke. Sengee alimwamkia mama yake akiwa amesimama kwa mguu mmoja na fimbo. Nikamwamkia mimi. Majirani wakaja, wakatuamkia sote. Kwetu mume na mke hawaamkiani siku ile. Huhesabiwa mtu mmoja, na mtu hawezi kujiamkia.

Wageni walipopungua Sengee aliniita kando. Alikuwa amekunywa vikombe kadhaa vya maziwa ya farasi yaliyochacha na macho yake yalikuwa yamerudia ule utundu wake.

"Sasa niambie," alisema. "Kiingereza chako kinasema kuna kujiamkia na kuna kuamkiana, na mtu lazima achague. Mimi na wewe leo tumefanya lipi?"

Nilimwambia hatukufanya lolote.

"Tumefanya. Tumeacha kuamkiana kwa sababu tungekuwa tunajiamkia. Iandike hiyo kwa Kiingereza."

Nilijaribu. Nilikaa na penseli nusu saa nzima, mimi niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Radnaa, na kila nilichoandika alikicheka. Alisema Radnaa akimletea swali hilo kwenye mtihani ataacha pengo na kuomba apewe alama za pengo. Mama mkwe alituuliza tunacheka nini. Tulipomweleza alisema Waingereza lazima wawe watu wenye nafasi nyingi, wanalala kila mmoja kitanda chake.

Nilirudi mjini mwanzoni mwa Machi bila kujua kama nina nafasi. Radnaa alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba niko likizo ya ugonjwa katika familia, akanikalisha peke yangu ofisini kwake na mtihani wa wenzangu, yeye akiwa anasoma gazeti. Nilipata nne. Alisema ningepata tano lakini niliandika polepole mno, kana kwamba kila sentensi inaweza kuwa imempata mtu.

Barua zetu zilirudia pande mbili. Sikumpa tena alama.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda mambo. Nilipata cheti, nikafundisha Kiingereza kwenye shule ile ile miaka ishirini na mitatu. Sengee hakurudi darasani. Nafasi ya pili haikupatikana mwaka ule wala uliofuata, na ilipopatikana alikuwa tayari amekuwa mfugaji, amewazoea mbuzi na mbuzi wamemzoea. Nilisikitika kuliko yeye. Alikuwa mwalimu bora kuliko mimi, na bado nakutana na watu wazima mjini Tsetserleg wanaonieleza kwa Kirusi kizuri mambo aliyowafundisha. Wageni wa nje walipoanza kupita bondeni kwa magari yao, aliwakaribisha chai na kuwaeleza kwa Kiingereza chake cha barua kuhusu fahali anayesoma gazeti. Walicheka, na wengine walimwandikia. Alikufa mwaka juzi wakati nyasi zinaanza kugeuka rangi, kwa ugonjwa wa moyo. Nilikuwa naye hemani, na siku ile hatukuzungumza lugha yoyote ila yetu.

Sasa naishi Tsetserleg kwenye nyumba ya matofali yenye joto la bomba. Mchana huwa mrefu. Walimu vijana hunitembelea na vitabu vyao vya rangi, wananiuliza hili na lile, nami nawajibu. Wakishaondoka akili yangu haiendi darasani. Huenda kwenye siku moja ya Juni mwaka ule wa 1993.

Zundui alinishusha njia panda, upande wa pili wa mto, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa na lori halingepita. Nilikuwa na sanduku moja na cheti kimefungwa kwenye kitambaa. Bonde lote lilikuwa la kijani, na maua madogo ya njano yalikuwa yamefika mpaka kwenye mawe. Sengee alikuwa anangoja ng'ambo, juu ya farasi, ameshika kamba ya farasi wa pili. Aliniona, akavuka. Maji yalifika kwenye tumbo la farasi wake. Aliposhuka alichechemea hatua tatu, akachukua sanduku langu akalifunga nyuma ya tandiko, akanishikia hatamu nikapanda. Miezi kumi ya mjini ilikuwa imenisahaulisha kupanda, na farasi alijua.

"Mshike vizuri," alisema. "Huyu hapendi walimu."

Tulivuka pamoja, farasi kwa farasi, yeye upande maji yanakotokea ili wimbi lisinipige sana. Upande wa pili tulisimama kuwaacha wanyama wapumue. Alikung'uta maji kwenye buti lake lile lenye sufu iliyojazwa mahali pa vidole, akanitazama, akaanza kupiga mluzi. Kisha tukaenda nyumbani polepole, maana Bibi Dari alikuwa amesema chai haitakuwa tayari kabla ya jua kufika kwenye mwamba mkubwa, na tulikuwa na wakati.